Barua ya wazi kwa Waziri wa Mifugo: kuku mgonjwa asiye na fidia anaishia sokoni

Mheshimiwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi, shikamoo.

Mimi nauza kuku wa kienyeji hapa Dar, mwaka wa kumi na moja sasa. Mzigo wangu unatoka Singida kwa basi, matenga yanafika usiku wa manane, tunayashusha mimi na vijana wangu wawili. Nakuandikia kuhusu mafua ya ndege, na sana sana kuhusu hela, maana kwenye hili jambo hela na ugonjwa haviachani.

Kuna siku mwezi wa nane nilifungua tenga nikakuta kuku saba wamekufa, wengine wamejikunyata, manyoya yamesimama, vilemba vimekuwa kama zambarau, kinyesi cha kijani. Tukasema kideri, maana sisi kila kuku akifa hovyo ni kideri. Nikampigia mtaalamu mmoja wa mifugo, akaniambia nitume picha WhatsApp, nikatuma, tiki za bluu nikaziona, jibu sijapata mpaka leo. Sasa nikuambie ukweli hata kama ni aibu: wale waliokuwa bado wanasimama niliwauza asubuhi ile ile kwa bei ya kutupa, wakaenda kwa mama ntilie na kwenye mabanda ya chipsi. Nilikuwa na marejesho ya vikoba Jumamosi. Ningewafukia wote nani angenilipa?

Pengine kilikuwa kideri kweli. Ila tatizo ni kwamba kideri na mafua ya ndege kwa macho huwezi kuvitofautisha, mpaka sampuli ifike maabara. Na hii H5N1, aina mojawapo ya mafua ya ndege, sio ya kuchezea, tangu 2003 Shirika la Afya Duniani limeshaandikisha watu zaidi ya 900 waliougua na karibu nusu yao walikufa. Nafuu tuliyonayo ni kwamba bado haiambukizi kirahisi kutoka mtu kwenda mtu.

Bado. Mimi hili neno ndo linaninyima usingizi tangu nilipoanza kusoma mambo haya. Jeni za kirusi cha mafua zimegawanyika vipande nane, kwaiyo kirusi cha kuku na kile cha mafua ya watu vikikutana ndani ya mwili mmoja vinaweza kubadilishana vipande, kikatoka kitu kipya ambacho binadamu hana kinga nacho. Majanga ya mafua yaliyozunguka dunia 1957 na 1968 yalitokea hivo, vipande vya ndege viliingia kwenye mafua ya watu. La 2009 lilitoka kwa nguruwe, likaonekana Mexico na Marekani, na ndani ya miezi michache lilikuwa limezunguka dunia. La 1918 linakadiriwa kuua watu milioni 50, na huku kwetu liliingia kwa meli na reli, likawakuta askari na wapagazi wanatoka vitani wakiwa hoi kwa njaa. Mwili mmoja tu Mheshimiwa. Unaweza kuwa wa nguruwe, unaweza kuwa wa kijana wangu ambae ana mafua yake ya kawaida na bado ananyonyoa kuku mgonjwa, mikono mitupu, anapangusa pua kwa mkono ule ule.

Ungekuja ukaona tunapochinjia. Pipa moja la maji ya moto linatumika na watu wote, kuku wa kila mtu anachovywa humo humo, manyoya yanaganda kwenye mfereji. Ile ndoo ya maji tiririka ya enzi za korona bado ipo, koki imevunjika, sahivi tunawekea utumbo.

Na usione ni mambo ya mbali. 2017 wenzetu Uganda walikuta ndege pori wamekufa ufukweni Lutembe, karibu na Entebbe, ikawa ni H5N8, aina nyingine ya mafua ya ndege. Ziwa ni Victoria, hilo hilo la Mwanza na Bukoba, na ndege hawasimami mpakani.

Hong Kong 1997 waliugua H5N1 watu 18 wakafa 6. Serikali yao ikaua kuku wote, zaidi ya milioni moja, kwa siku chache tu, na wenye kuku wakalipwa. Baadae wakaweka siku ya kufunga soko na kuosha, bata wakatenganishwa na kuku, mwisho wakakataza kuku hai kulala sokoni.

Kwaiyo naomba fidia itangazwe kabla ugonjwa haujaja, ijulikane kuku mmoja shilingi ngapi na hela inaingia kwenye simu baada ya siku ngapi, hata kama ni nusu ya bei sisi tutapokea. Mama wa Iramba kule Singida mwenye kuku kumi na tano, wale ndo ada ya mtoto na ndo dawa. Akisikia wataalamu wanakuja kuua bila kulipa, usiku ule ule kuku watapanda basi, na mimi ntawapokea bila kujua. Alafu tuwe na namba ya bure ambayo ukipiga anakuja mtu kuchukua sampuli, sio kuomba picha. Soko lifungwe siku moja kwa wiki lioshwe na dawa, tuwe na maji ya uhakika. Na uongee na mwenzako wa Afya, sisi wauza kuku na wachinjaji tupate chanjo ya mafua ya kawaida, haizuii ya ndege najua, ila inapunguza nafasi ya vile virusi viwili kukutana ndani yetu.

Njoo usiku Mheshimiwa, saa nane basi linaposhusha. Mchana utakuta tumeshaosha.

Muuza kuku, Dar es Salaam