Januari bila mvua Dodoma? Ndo maana bei yetu iko vile

Sisi tunachapa na kuchambua data za utafiti za wanafunzi. Juzi tena kaja kijana wa chuo analalamika tumempiga bei, eti kubonyeza SPSS, ile programu ya kuchambua takwimu, ni dakika tano, sasa shilingi laki mbili na nusu ya nini. Hatukubishana nae. Tukafungua faili lake la mvua, lililochapwa kutoka kwenye daftari la vipimo vya kila siku, tukamwambia hebu soma mwenyewe hapa, Januari, siku kumi na tisa mfululizo sufuri, na ndo mwaka huohuo Februari daftari linasema korongo lilifurika. Hapa kwetu mvua karibu yote inashuka Desemba mpaka Aprili, sasa Januari ikauke hivyo?

Kucheki picha za daftari, kumbe siku zile zimeachwa wazi, aliyekuwa anasoma kipimo cha mvua hakuandika kitu, labda aliumwa labda alisafiri, na yule aliyemchapia kwa elfu thelathini kule Ng'ong'ona usiku mmoja kajaza 0 kila penye uwazi. Wazi sio sufuri jamani! Sufuri ni mtu kaenda kwenye kipimo kakuta pakavu.

Halafu kurasa za mwanzo ni inchi, mbele huko zinageuka milimita kimyakimya. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo grafu yake ilipanda kama mnara, na ye kashaandika aya nzima ya mabadiliko ya tabianchi.

Kuna dada mwingine alikuja na sensa ya 2002 na ya 2012, ripoti iko tayari inasema watu wanaihama Kondoa. Dada yangu, wilaya ya Chemba imekatwa humohumo Kondoa kati ya sensa hizo mbili, ukitaka kulinganisha zirudishe pamoja kwanza. Alikuwa aprinti kesho yake.

Sisi daftari moja wanachapa watu wawili, kila mtu kivyake, halafu tunalinganisha, zikigongana tunarudi kwenye karatasi. Hiyo ndo laki mbili na nusu, kule kubonyeza SPSS kwenyewe hesabu ni bure kabisa ukitaka hivyo.

Ukija leta kurasa zote, hata yenye doa la chai, na usikate pembeni unapopiga picha, pale ndo wazee waliandika "kipimo kimetoboka" na mambo kama hayo. Kijana kalipa nusu, tumemrudisha akapige picha upya, zile za kwanza zilikuwa na kidole chake juu ya Machi.