Barua kwa mwanangu: kifungo kati ya monoma

Mwanangu mpendwa,

Natumaini u mzima na masomo yanaendelea vyema. Umeniuliza kwa nini mwalimu wenu wa kemia husisitiza kwamba haitoshi kuzijua monoma, yaani molekuli ndogo zinazoungana kuwa mnyororo mrefu, kwa majina tu, bila kukijua kifungo kinachoziunganisha. Mwalimu yuko sahihi kabisa, na ushahidi wake umo katika ugali na kamba ya katani.

Wanga wa unga wa mahindi na selulosi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya nyuzi za mkonge, vyote viwili hujengwa kwa monoma ileile, yaani glukosi. Katika wanga, glukosi hushikana kwa kifungo kiitwacho alfa, mnyororo ukajizungusha, na vimeng'enya vya mate na vya utumbo huweza kuukata. Katika selulosi kifungo ni cha beta: minyororo hunyooka, hulala sambamba na kushikamana kwa nguvu, ikawa uzi imara ambao mwili wa binadamu hauwezi kuumeng'enya. Hata ng'ombe huwategemea vijidudu wanaoishi tumboni mwake. Kila nikilifikiria jambo hili hustaajabu, kwamba chakula na kamba vimetokana na sukari moja!

Sasa itazame monoma nyingine, etheni, gesi ambayo hata ndizi huitoa inapoiva. Mwaka 1933, Reginald Gibson na Eric Fawcett wa kampuni ya ICI, Uingereza, waliitia etheni katika shinikizo kubwa pamoja na kemikali iitwayo benzaldehaidi, wakakuta kitu cheupe kama nta, ambacho ndicho polithini, plastiki ya mifuko. Humo kaboni hushikana na kaboni moja kwa moja, ilhali kifungo cha glukosi kina oksijeni katikati, mahali ambapo maji, yakisaidiwa na kimeng'enya, hupata pa kukata. Ndiyo maana katani huoza shambani, na mfuko wa polithini hubaki miaka na miaka.

Usikubali, basi, ukiambiwa kwamba plastiki haiozi kwa sababu tu imetengenezwa kiwandani. Asidi ya glikoli huunganishwa viwandani kuwa nyuzi za kushonea vidonda, na kwa kuwa vifungo vyake ni vya aina iitwayo esta, ambavyo navyo vina oksijeni katikati, maji ya mwilini huvikata taratibu hadi uzi ukaisha wenyewe.

Utakapofika kwenye nailoni, chunguza kifungo chake, kisha ukilinganishe na kile kinachounganisha amino asidi katika protini za nywele zako, uniandikie ulichokiona.

Akupendaye,
Baba yako