Wito wa harambee: tuwachangie waandishi wa habari wasioondoka vita vikiingia

Ndugu wanachama na marafiki wa kikundi chetu,

Mikono yenu imekwishatoa maturubai, dawa na mablanketi. Safari hii kamati inawaomba mchangie habari, yaani redio ndogo na magazeti madogo yanayofanya kazi penye vita na majanga. Swali litakaloulizwa kwanza tunalijua, maana liliulizwa ndani ya kamati yenyewe, tena kwa ukali: aliyekimbia nyumba yake ana haja gani na taarifa ya habari?

Anataka kujua barabara ipi bado inapitika. Chanjo inatolewa wapi, mgao wa chakula umeahirishwa hadi lini, na ule ujumbe unaozunguka kwenye simu kwamba kijiji cha pili kimeshavamiwa ni kweli au ni uzushi. Anayekimbia kwa kufuata uvumi anaweza kuishia mikononi mwa wale wale anaowakimbia.

Mlipuko wa Ebola uliotangazwa mashariki mwa Kongo Agosti 2018, katikati ya mapigano, uliua watu zaidi ya 2,200 hadi ulipotangazwa kwisha Juni 2020. Madaktari walikuwapo, na chanjo ilikuwapo. Kilichopungua ni imani: wengi walisema ugonjwa huo ni njama ya watu kutafuta pesa, na vituo vya matibabu vikashambuliwa. Mgeni mwenye kipaza sauti hawezi kuyajibu maneno kama hayo. Anayeweza ni mtangazaji wa pale pale, ambaye wasikilizaji wanamjua kwa jina na kwa nyumba yake. Lakini kujulikana nyumbani nako kuna gharama. Novemba 2019, mkoani Ituri, mtangazaji mmoja aliyekuwa akiwaelimisha watu kuhusu Ebola aliuawa nyumbani kwake.

Waandishi wa kimataifa huja na kuondoka, na mahali pengine hawaruhusiwi hata kuja. Tangu Oktoba 2023 Israel imewazuia wanahabari wa nje kuingia Gaza kwa uhuru, kwa hiyo karibu yote tuliyoyaona kutoka humo yaliletwa na waandishi wa Kipalestina ambao wao wenyewe walikuwa wamehamishwa makwao. Mwaka 2024 Kamati ya Kuwalinda Waandishi wa Habari, yenye makao New York, ilihesabu waandishi 124 waliouawa duniani, wengi wao Gaza. Itifaki ya mwaka 1977 ya Mikataba ya Geneva, yaani sheria za kimataifa za vita, inamtambua mwandishi kuwa raia asiyepaswa kushambuliwa. Karatasi hiyo haijawakinga.

Ulinzi wa mwili, hata hivyo, hatuna uwezo nao. Tunachoweza kukigusa ni njaa.

Vita vikiingia, maduka hufungwa, na matangazo ya biashara yaliyokuwa yakilipa mishahara hukatika siku hiyo hiyo. Mwandishi aliyekaa miezi bila malipo hakosi wa kumsaidia. Yupo kamanda atakayejaza mafuta kwenye jenereta. Yupo mwanasiasa mwenye bahasha. Lipo pia shirika (tuseme ukweli, hata mashirika mema) litakalolipia kipindi mradi lisifiwe humo. Hapigwi mtu, hatishwi mtu. Ni taarifa tu zinazoanza kupungua maneno fulani, kisha majina fulani, na msikilizaji hajui lini hasa redio yake ilibadilisha mmiliki.

Mjumbe mmoja alitukumbusha kwamba redio nayo huua. Kweli. RTLM ya Rwanda ilichochea mauaji ya kimbari ya 1994, na Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha iliwatia hatiani wakuu wake. Lakini RTLM haikuwa maskini. Nyuma yake walikuwapo matajiri na wakubwa wa serikali. Hao ndio hujitokeza na fedha pale ambapo watu wa kawaida hawatoi.

Na fedha zimepungua kweli. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, vyumba vya habari vidogo, kuanzia Ukraine hadi vya Wamyanmar walio uhamishoni, vilijikuta bila bajeti. Hatuwezi kuliziba pengo hilo, wala hatudai hivyo.

Mchango wenu utakwenda kwenye mambo yasiyovutia kupigwa picha: mishahara, kodi ya ofisi, betri na paneli za sola, vipuri vya mtambo wa kurushia matangazo, bando, nauli, na matibabu ya mwandishi aliyeumia, pamoja na ushauri nasaha kwa aliyeona mengi mno. Redio tumeitanguliza kwa sababu. Mitandao ya simu ilipozimika karibu Sudan nzima Februari 2024, matangazo ya redio ya masafa mafupi, ambayo husafiri mbali bila kuhitaji mtandao, bado yaliweza kufika.

Tunapendelea kidogo cha kila mwezi kuliko kikubwa cha mara moja. Mshahara hulipwa kila mwezi, na mhariri asiyejua kama mwezi ujao upo hawezi kumtuma mtu kufuatilia habari ya wiki tatu. Wanasheria, mafundi wa mitambo ya redio na wafasiri wanaweza kuahidi saa zao badala ya fedha. Kompyuta zilizochakaa tafadhali msilete kabla ya kuuliza.

Hatutamwelekeza mhariri yeyote aandike nini, na hatutaomba kikundi chetu kitajwe hewani. Pia, kinyume cha harambee zetu nyingine, hakutakuwa na picha za makabidhiano wala majina ya waliopokea. Kwa baadhi yao, kuonekana na fedha za kutoka nje kunatosha kuitwa jasusi. Hesabu zitakaguliwa na wanachama wawili wasio wajumbe wa kamati na kusomwa mbele ya mkutano mkuu, kila kiasi na matumizi yake.

Ahadi zinapokelewa na mweka hazina hadi mwisho wa mwezi ujao. Mwenye swali la hesabu amwone yeye. Mwenye kutaka kujua ni redio ipi hasa inayopewa, atuwie radhi, hatutamjibu.