Kilomita hazitoshi kukadiria muda wa ndege

Mhariri,

Nina neno na lile jedwali lenu la safari za ndege, lenye umbali kati ya viwanja viwili na pembeni yake "muda wa safari". Na safu ya umbali sina ugomvi. Ya muda ndiyo inayowaponza wasomaji, maana inaonekana wazi mmechukua kilomita mkagawa kwa 900, mwendo wa kawaida wa ndege kubwa ikishakuwa angani, basi.

Chukueni New York na London. Kwa njia fupi kabisa, ile inayofuata mviringo wa dunia na ambayo kwenye ramani ya ukutani huonekana imepinda kwenda kaskazini, ni karibu kilomita 5,550. Hesabu yenu inatoa saa sita na dakika kumi, kwenda na kurudi sawasawa. Februari 2020 ndege ya abiria iliondoka New York ikafika London kwa saa nne na dakika 56, ikisukumwa na upepo mkali wa anga za juu unaovuma kutoka magharibi. Ukiipima kwa ardhi iliyokuwa chini yake, kuna wakati mwendo wake ulizidi kilomita 1,300 kwa saa. (Haikuvunja mwendo wa sauti, kwani hewa iliyoibeba nayo ilikuwa mbioni.) Anayerudi New York hukumbana na upepo uleule usoni, na kwa kawaida saa saba humpita bado yumo njiani. Sasa hiyo saa sita na dakika kumi ni ya nani?

Halafu ndege haina ruhusa ya kupita popote. Urusi ilipofunga anga lake kwa mashirika ya Ulaya mwaka 2022, safari ya Helsinki hadi Tokyo iliruka kutoka takribani saa tisa na nusu hadi saa 13 hivi. Viwanja havikusogea hata hatua moja.

Kwa safari fupi ndipo jedwali linapochekesha. Kilomita 300 mnazipa dakika 20! Ratiba ya shirika huanza kuhesabu ndege inapoondoka kwenye maegesho na kukoma inaposimama kwenye maegesho ya pili. Humo mna foleni ya kusubiri kuruka, kupanda taratibu, kushuka taratibu, na pengine kuzungushwa hewani mpaka zamu ya kutua ifike. Safari kama hiyo hupangiwa karibu saa nzima, na hakuna anayeshangaa.

Msije mkajisahihisha kwa kutoa saa ya kuondoka katika saa ya kufika. Tiketi huandikwa kwa saa za kila mji. Ukitoka London saa tano asubuhi ukatua New York saa nane mchana, umesafiri saa nane, si tatu.

Ombi langu: umbali uandikwe "wa njia fupi", na kama ni maili mseme ni zipi, za nchi kavu au za baharini. Muda uchukuliwe kwenye ratiba, wa kwenda peke yake na wa kurudi peke yake. Pale abiria anapolazimika kubadili ndege njiani, iacheni safu hiyo wazi, kwa sababu kusubiri ndege ya pili kunaweza kupita muda wote wa kuwa angani.

Msomaji wenu