Kabla hujalipia Noah, Ipsum au drone (HiAce), uliza injini

Simu nyingi zinazoingia hapa gereji kwetu Kireka hupigwa na mtu aliyesimama kwenye bondi, yadi ya kuuzia magari yaliyoagizwa, dalali akiwa pembeni. "Fundi, kuna Noah nyeupe hapa, safi kabisa, bei yake inaongeleka. Nichukue?" Sisi huuliza: ina injini gani? Kimya kidogo, kisha tunamsikia akimuuliza dalali, na dalali anajibu: "Ya lita mbili." Hilo si jibu. Noah za lita mbili ziko za aina kadhaa, na kati yao kuna itakayokulea miaka na kuna itakayokufanya uzoee sura zetu.

Rangi hupigwa upya kwa siku moja. Viti huoshwa. Injini na gia boksi ndivyo vitakavyoamua kama gari lilikuwa rahisi kweli, ndiyo maana tunaanzia hapo.

Ipsum ndiyo gari la familia ambalo kila fundi wa Uganda amelifungua, na spea zake zimejaa kwenye masoko ya Kisekka na Ndeeba, Kampala. Lakini Toyota iliacha kuitengeneza mwaka 2009, na tangu 2018 sheria yetu inazuia kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15 tangu litengenezwe. Kwa hiyo Ipsum yoyote unayouziwa leo imeshatembea hapa, imeshapita mikono, na kilomita za kwenye dashibodi usizitegemee. Zile za kizazi cha kwanza zina injini ya 3S-FE, ngumu na isiyo na makuu, ila ina mkanda wa taimingi wa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Za kuanzia 2001 zina 2AZ-FE ya lita 2.4. Hiyo ina nguvu, lakini nyingine hunywa oili, na ikichemsha mara moja vibaya, nyuzi za bolti za hedi, yaani kichwa cha injini, huachia kwenye bloku. Hapo gasketi mpya peke yake haitakusaidia: bolti hazikazi, maji yanaendelea kupotea, na unalipa kazi ileile mara mbili. Nyuzi lazima zichongwe upya na kuwekewa vichuma vya kushikia bolti. Ukiambiwa "tulibadilisha gasketi tu", uliza zaidi.

Noah ya 2001 hadi 2007 nyingi zina 1AZ-FSE, ile yenye maandishi ya D-4. Petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti juu ya valvu za kuingiza hewa, kwa hiyo masizi yanajikusanya pale bila kuoshwa. Dalili yake utaiona kwenye foleni ya Jinja Road: gari linatetemeka likiwa limesimama, mara linazima. Masizi tunasafisha. Pampu yake ya presha kubwa ndiyo inayouma mfukoni. Noah iliyofuata, ya kuanzia 2007, ina injini za 3ZR, na kwa maoni yetu hiyo ndiyo ya kununua kwa mtu wa watoto wanne na bibi wa kupeleka kijijini. Kitu kimoja tu: gia boksi yake ni CVT, otomatiki inayotumia mkanda wa chuma badala ya gia za hatua. Haitaki oili ya kawaida ya gia za otomatiki. Inataka oili ya CVT iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na tumeshapokea magari yaliyokuwa mazima hadi pale mtu wa kuosha magari alipojitolea "kuongeza oili ya gia".

Serena utaikuta rahisi kuliko Noah ya umri uleule, na kuna sababu. Ni gari zuri la kukalia, ila CVT yake haisamehe aliyeisahau, na ikifa Mbarara au Gulu utatafuta fundi wake kwa tochi. Sienta na Wish tunaziheshimu kwa mafuta, lakini usizipakie watu saba na magunia ya matoke kila Ijumaa.

Drone, yaani HiAce ya 2004 kuendelea, ni gari la kazi. Ya petroli yenye 1TR-FE hudumu ikibadilishiwa oili kwa wakati. Ya dizeli yenye 1KD ina nguvu sana milimani, lakini sili za injekta zikivuja, moshi unaingia kwenye oili, uchafu unaziba chujio la kufyonzea oili chini ya injini, na injini inakauka huku kijiti kikionyesha oili ipo. Tunafungua kifuniko cha oili na kutazama kabla ya kusema neno. Tena, drone nyingi zilikuja kama gari la mizigo na kuwekewa viti hapa. Ingia chini uone. Kila mguu wa kiti uwe na bolti iliyopita sakafu na kipande cha chuma kinene upande wa chini. Ukikuta miguu imechomelewa tu juu ya bati, hicho kiti kitang'oka na abiria wake siku ya ajali. Kama utabeba watu kwa nauli, leseni ya PSV, ya gari la abiria, haikwepeki, hata kama ni gari la shule ya jirani.

Sasa maji, maana hapa ndipo vani nyingi hufia. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Ukipanda Kabale yanachemka mapema zaidi. Kinachozuia hilo ni presha inayoshikwa na kifuniko cha rejeta, kipira kidogo na springi yake. Kipira kikipasuka, presha hakuna, maji yanatoka kidogo kidogo, na wewe unaongeza ya bombani kila asubuhi ukidhani ndiyo matunzo. Maji ya bombani yanaleta kutu na magamba, rejeta inaziba, kisha siku ya kupanda Kapchorwa na watu wanane ndani, sindano ya joto inapanda nayo. Weka kulanti, maji maalumu ya rejeta, badilisha kifuniko, osha rejeta kwa nje pia, maana vumbi la marram hujaza mapezi yake.

Na tafadhali usimruhusu mtu akutolee themostati, valvu inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Kuna mafundi wanaoamini kwamba nchi ya joto haiihitaji. Kwa Toyota nyingi hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Kazi yake ni kuiwezesha injini ifike joto lake na ibaki hapo. Ukiitoa, injini inakimbia baridi, inakula mafuta zaidi na inachakaa. Kwa kawaida aliyeitoa alikuwa anaficha rejeta iliyoziba, na gari la namna hiyo likiletwa kuuzwa linaonekana halichemshi kabisa siku ya majaribio.

Tairi za magari yaliyoingia karibuni kutoka Japani mara nyingi ni za baridi, laini, zinalika haraka kwenye lami ya joto. Soma tarakimu nne za mwisho pembeni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Reli ya mlango wa kuteleza futa kwa kitambaa kikavu. Ukipaka grisi nyingi vumbi linaganda humo na roli zinalika.

Karatasi hatutazungumza sana. Logbuku, yaani kitabu cha umiliki, iwe na jina la anayekuuzia, namba ya chesisi uisome mwenyewe kwenye chuma, faini za EPS, zile za polisi wa barabarani, ziangaliwe kabla ya pesa kutoka, na umiliki uhamishwe kwenye mfumo wa Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Mkataba wa karatasi na mashahidi wawili hautoshi.

Kama umepata gari na unataka tulikague, lilete asubuhi au tufuate kwenye bondi, lakini mwambie muuzaji asiliwashe kabla hatujafika. Tunataka injini baridi. Tunafungua rejeta, tunawasha, tunatazama kama mapovu yanapanda bila kukoma, tunaangalia kama oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, halafu tunalipeleka mlimani likiwa na watu ndani. Ukikuta injini imeshapashwa moto na muuzaji ana haraka, tupigie tena kesho yake. Tutakuja mapema zaidi.