Mwanangu Cherop, sweta zangu si za kuuza

Mwanangu Cherop,

Salamu nyingi kutoka Kapchorwa. Sisi hatujambo, ila kahawa imeiva yote kwa mpigo na baba yako anatuamsha kabla ya jogoo. Simu ilikatika juzi kabla sijakujibu, na jibu lenyewe ni refu kwa meseji.

Uliniuliza kwa nini nisifume sweta za kuuza, maadamu usiku nakesha na sindano. Hebu piga hesabu, mama. Sweta za shule zinafumwa kwa mashine. Mimi sweta moja ya mtu mzima inanila majuma kadhaa, kisha mteja ataipimia bei za mitumba ya soko la Owino huko Kampala. Nikikubali bei yake nimefanya kazi ya bure. Nikitaja yangu ataniona nimerukwa na akili. Halafu mteja ana tarehe zake. Mimi Krismasi peke yake inanitosha kunikimbiza.

Na inanikimbiza kweli. Shali ya shangazi yako imeisha, imekunjwa kabatini. Kofia ya Kiprop nayo iko tayari, nyeusi, njano na nyekundu za bendera ya Uganda kama alivyotaka. Tangu mkimbiaji wetu Cheptegei ashinde dhahabu ya mita 10,000 kwenye Olimpiki kule Paris mwaka 2024, huyu mtoto hatembei. Hata akitumwa chumvi anakwenda mbio.

Kazi kubwa ni sweta ya baba yako. Uzi wake ni sufu ya buluu iliyoiva, niliufumua kutoka sweta ya mtumba. Wewe ukikuta sweta nzuri huko, igeuze kwanza uangalie mshono wa ubavuni. Kama vipande vilikatwa kwa mkasi kabla ya kushonwa, iache, maana uzi utakutokea vipande vipande. Yangu ilikuwa imefumwa vizuri, ikafumuka yote. Uzi ulitoka umejikunja kama nywele zilizofumuliwa msuko, nikauosha, nikauning'iniza na kopo la maji chini ukanyooka.

Kifua na mgongo vimekwisha. Sasa niko kwenye mikono, nayo naifuma yote miwili pamoja kwenye sindano zilezile, kila mkono na donge lake. Nikiongeza mshono huku naongeza na huku, basi haiwezi kupishana urefu. Pindo la kiganjani ni mishono miwili ya mbele, miwili ya nyuma, ndiyo inayovutika. Tatizo ni ile buluu: usiku kwa taa ya sola mishono haionekani kabisa. Na mchana nachuma kahawa, vidole vinakwaruza hadi uzi unanasa, sharti nipake mafuta kwanza na kuyafuta. Isipoisha Desemba, ataivaa Januari. Sitaifunga harakaharaka eti kwa sababu ya sikukuu, na yeye nimeshamwambia.

Ya mjukuu wangu sijaianza, nakungoja wewe. Usiniambie ana miezi mingapi. Miezi haivai sweta. Mzungushie uzi kifuani chini ya kwapa, uupime kwa rula, uniandikie, nami nitaongeza nafasi ya kupumua. Pima na urefu kutoka kwapa hadi kiganja. Sufu itamwasha, kwa hiyo nunua ule uzi laini wa dukani, rangi ya njano. Lakini huo ukishika moto unayeyuka na kuganda kwenye ngozi, kwa hiyo akiivaa asisogee karibu na sigiri.

Ukienda kwenye maduka ya Kikuubo hapo Kampala, nunua madonge yote kwa siku moja na usome karatasi iliyozungushiwa uzi. Mbali na namba ya rangi kuna namba nyingine ya mkupuo wa kutia rangi, nayo iwe moja kwa yote. Muuzaji atakuapia kwamba njano ni ileile. Gizani mwa duka ni ileile kweli, lakini juani mkono mmoja utaonekana umepauka. Uzi mpe dereva wa taksi ya Mbale, nitaupokea stendi Jumamosi.

Mama yako