Barua ya wazi kwa Mkuu wa Kituo chetu cha polisi: mwanangu alikosa nini?

Bwana Mkuu wa Kituo,

Pokea salamu zangu. Natumaini wikendi yako ilikuwa njema. Yangu niliimalizia mbele ya kaunta yako, nimesimama.

Kijana wangu alishikwa Ijumaa saa nne asubuhi akipanga viatu vya mitumba pale stejini. Sitaki kukufundisha kazi, ila ninayo ile Katiba ndogo ya Kenya tuliyogawiwa kabla ya kura ya Agosti 2010. Kurasa zake sasa zina madoa ya nyanya. Kifungu cha 49 kinasema aliyekamatwa afikishwe kortini mapema iwezekanavyo, na saa 24 zisipite. Zikiishia siku ambayo korti haiketi, ndipo husubiriwa siku ya korti inayofuata. Kipande hicho cha mwisho askari wako anakijua kwa moyo: "Mama, ni Jumatatu." Sawa. Lakini "mapema iwezekanavyo" imetangulia, na korti ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu, na Ijumaa hiyo iliketi. Maneno yale yaliwekwa yakufunge wewe, afande, si mwanangu.

Kamatakamata ya Ijumaa ulituahidi mwenyewe kwenye baraza la chifu kwamba itakoma. Tukapiga makofi, hata mimi. Labda mwisho wa mwezi kuna hesabu inayotafutwa, sijui. Ninachojua ni kwamba niliulizwa "umekuja na nini?" chini ya karatasi iliyoandikwa bondi, yaani dhamana ya polisi, ni bure.

Ana pumu. Dawa yake ya kuvuta ilibaki kaunta siku zote tatu. Jumamosi ni siku ya soko. Sikuuza, na kreti mbili za nyanya zimeoza. Jumatatu saa mbili akaambiwa, "Enda nyumbani." Hakuona korti wala hakusomewa shtaka. Kumbe hata hiyo Jumatatu mliyoingoja kwa uaminifu haikuwa na kazi!

Kifungu hichohicho kinataka mtu aelezwe upesi sababu ya kukamatwa, kwa lugha anayoielewa. Wangu anaelewa Kikamba, Kiswahili na Kiingereza cha shule. Chagua.

Sidai fidia, sidai askari afutwe, ingawa jozi saba za viatu hazijarudi. Fungua OB, kile kitabu cha matukio cha kituo, unisomee kilichoandikwa mbele ya jina lake. Hilo tu. Nitakuja Ijumaa, saa nne asubuhi.

Mama yake, muuza mboga